Sekunde Sita za Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Mkutano asubuhi, sote wima. Meneja katangaza mtindo mpya: kazi haiboreshwi ofisini, inaboreshwa pale pale mashine zinapounguruma. Kila msaidizi wa msimamizi achore duara la chaki sakafuni, asimame ndani, atazame mpaka aone upotevu. Atakayeona mkubwa zaidi ndiye msimamizi mpya wa zamu. Aliposema hivyo alinitazama mimi. Au saa ya ukutani nyuma yangu.

Mpinzani ni mmoja, yule wa ukaguzi tunayemwita Miwani. Hakai ndani ya duara lake. Anazunguka akiuliza watu maswali kama mgeni aliyepotea njia. Tumeambiwa tutazame, siyo tupige soga.

Jumanne, 5 Machi
Duara langu liko mbele ya mashine kubwa, ile inayokandamiza bati kuwa vifuniko vya sufuria. Anayeiendesha ni shemeji, mdogo wake mke wangu. Yuko pale mwaka wa tisa. Nimesimama kwa muda wa saa nne, miguu imekufa ganzi, lakini nimempata! Kila vifuniko ishirini anasimama, anainama, anapapasa kitu chini ya mashine, anainuka. Sekunde sita. Nimepiga hesabu: karibu nusu saa kwa siku, kuinama tu.

Miwani kapita, kashauri nimuulize shemeji anainamia nini. Hanidanganyi huyo. Mtu akiulizwa huanza kujitetea, uchunguzi unaharibika.

Jumatano, 6 Machi
Nimewasilisha. Meneja kapiga marufuku kuinama. Shemeji akaanza kusema mashine ile ina mambo yake. Nikamkatiza, nikamwambia kila mvivu husema hivyo. Nyumbani mke kaniomba nimwache ndugu yake, kwao amebaki huyo tu. Nimemweleza kwamba cheo changu ni cha familia nzima.

Alhamisi, 7 Machi
Vifuniko mia tatu zaidi ya jana. Meneja kanipa mkono mbele za watu. Miwani kanuna. Sijawahi kula chakula cha mchana kitamu kama cha leo.

Ijumaa, 8 Machi
Saa tano asubuhi mashine imeshuka yenyewe. Vidole vitatu vya shemeji, mkono wa kulia.

Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale, ndani ya duara. Nilitazama kila kitu. Meneja alitaka ripoti kabla ya saa nane, na sababu iwe ya mstari mmoja. Nikaandika: uzembe wa mfanyakazi.

Jumapili, 10 Machi
Hospitali. Mkono wa shemeji umefungwa, umekuwa kama mto wa mtoto. Kaeleza bila hasira. Nati ya breki, ile inayozuia mashine isishuke yenyewe, imelika meno tangu mwaka jana. Kaomba nyingine karakana, hawakuleta. Basi akawa anaikaza kwa vidole, kila vifuniko ishirini. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema alianza, nikamwita mvivu. Nimeona aibu, sikujua pa kuweka macho. Nilipoaga, mke wangu hakuinuka kando ya kitanda. Amebaki kwa ndugu yake.

Jumatano, 13 Machi
Cheo kapewa Miwani. Mimi nimepewa mashine, kwa kuwa, kasema meneja, hakuna aliyeitazama kwa muda mrefu kama mimi. Nati ni ile ile. Nainama, nakaza, nainuka.

Saa nne Miwani kaja na daftari lake, kauliza kwa adabu nainamia nini. Nikimwambia, atapeleka kwa meneja, nati mpya italetwa, na atakayepigiwa makofi ni yeye. Nimemwambia kiuno kinaniuma. Kaandika, kaenda zake.

Mchana nimejaribu kukaza kila vifuniko arobaini. Hakuna lililotokea. Meneja kapita, kasifu kasi yangu. Kesho nitajaribu sitini.