Kiti cha Watu wa Visiwani

Jumatatu, 8 Septemba
Orodha ya waliochaguliwa kusoma shahada ya uzamili imetoka. Simo. Nimo kwenye orodha ya akiba, wa tatu. Mkuu wa skuli anastaafu mwakani na anayemrithi lazima awe na uzamili. Miaka kumi na sita nasomesha jiografia hapa Konde!

Baada ya magharibi nikalisoma tangazo lote. Kumbe chuo kilitenga viti viwili kwa wazaliwa wa visiwa vidogo, na kimoja hakijapata mtu. Mwisho wa kudai ulikuwa tarehe 29 Agosti. Nimemkumbusha mke wangu Zulekha kwamba bibi yangu ni mtu wa kisiwa cha Fundo. Akasema bibi alikwenda Fundo harusini, akakaa wiki mbili.
Wiki mbili si haba.

Jumanne, 9 Septemba
Nimempigia Bi Shadya wa ofisi ya udahili, tawi la Chake Chake. Amesema dirisha limefungwa. Nimemwandikia barua ya kurasa nne kwa jina la "sisi wana wa visiwani": bahari inachafuka, simu hazishiki, matangazo yanafika yamepoa. Ukurasa wa tatu machozi yalinilenga. Hata mimi sikujua kama tunateseka hivi.

Jumatano, 10 Septemba
Barua imefanya kazi! Dirisha limefunguliwa hadi Ijumaa saa sita mchana, kwa yeyote mwenye barua ya sheha, kiongozi wa kisiwa chake, kwamba ni mzaliwa wa huko.

Mwalimu Moza, wa bayolojia, ni mzaliwa wa Fundo. Nilimwomba anieleze kisiwa, nikamwambia ni kwa somo la kidato cha pili. Akanichorea ramani kwa kalamu ya risasi, mpaka visima. Mwanamke mwema. Hakuuliza mengi.

Alhamisi, 11 Septemba
Skuli nimesema naumwa jino. Kutoka Wete nilipanda boti ya faiba. Nilitapika mara mbili, ya pili mbele ya watu waliokuja kupokea boti.

Sheha, Mzee Jaribu, aliniuliza mimi wa nani. Nikasema mjukuu wa Bi Mwanakhamis. Akasema Mwanakhamis wako wanne, yupi? Nikajibu yule mkubwa kuliko wote, nikijua keshafariki.

Hajafariki. Aliitwa, akaja kwa miguu yake. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Kama weye mjukuu wangu," akasema, "mbona mwaka jana hukuja kumzika dada yangu?"

Nikaomba radhi. Akanipa wali na mchuzi wa pweza, nikala kama mfiwa. Sheha naye akaandika barua, akapiga muhuri, akaifunga kwenye bahasha. Sikuona haja ya kuifungua. Muhuri ni muhuri.

Ijumaa, 12 Septemba
Nilifika ofisini saa nne. Bi Shadya akafungua bahasha, akasoma kwa sauti mbele ya watu:

"Mwenye barua hii amefika Fundo jana kwa mara ya kwanza. Ametapika. Ni mtu wa adabu."

Nikageuka niondoke. Nyuma yangu amesimama Moza, na bahasha yake ya sheha, iliyokuja na boti ya alfajiri. Sheha ni mjomba wake. Usiku wa jana mzee alimpigia simu kumuuliza kama mwalimu mwenziwe ana akili timamu, na ndipo Moza aliposikia kuna kiti. Mwezi wote wa Agosti alikuwa Fundo akimuuguza mama yake, tangazo likampita.

Bi Shadya akamwambia amshukuru mwalimu mmoja wa Konde aliyeandika barua iliyowaliza ofisi nzima. Akaitoa. Moza aliujua mwandiko wangu. Akalia. Akasema miaka sita anaomba nafasi hii, na hakujua kama mimi ni mtu wa kuhangaikia wenzangu kiasi hicho, mpaka kwenda Fundo na jino bovu.

Nikamjibu kwamba ni wajibu.

Jumapili, 14 Septemba
Jana msikitini imamu alinitaja kwa wema. Moza ameleta kikapu cha samaki wakavu kutoka kwa mama yake. Nilimtazama akicheka na Zulekha ukumbini, na kwa dakika kama tano hivi niliona raha ya kweli kwamba kiti kimempata mwenyewe. Pia nikaona haya. Nikadhani huenda nimebadilika.

Alasiri shemeji yangu Ridha akanitumia ujumbe. Kuna chuo kingine, bara, kimetenga viti vya uzamili kwa wafugaji wa nyuki, na madai ya waliochelewa yanapokelewa mpaka Jumatano.

Nimenunua mzinga. Nimeuweka nyuma ya jiko, nikajipiga picha nao.

Zulekha ameuliza nyuki wako wapi. Nimemwambia wametoka kutafuta maua.