Ngozi ya Mama Kaswera na Farasi wa Beni

"Sadrack, weye ulishaonaka farasi na macho yako?"

Mama Kaswera aliuliza hivyo juu ya ukuta wa mbao unaotenga nyumba zao, mikono yake ikichambua maharagi. Swali lilikuwa dogo. Mtu mwenye akili ya kutosha angejibu "hapana", na habari hii isingekuwako. Lakini Sadrack alikuwa na akili iliyozidi kipimo.

"Mais Mama! Mi nilikomalea juu ya farasi," akasema. "Baba alikuwa anachunga za muzungu kule Lubero. Nilijua kupanda farasi mbele ya kujua kutembea."

Baba yake aliuza chumvi sokoni mpaka kufa kwake, na kitu kirefu kuliko vyote alichopanda Sadrack utotoni ni mgongo wa dada yake.

Mama Kaswera alitupa harage moja bovu na kuendelea kuchambua.

Yafaa kueleza farasi alitoka wapi, maana hata sisi wa Butembo, tunaouza chochote kinachoingia mfukoni, hatujapata kuuza farasi. Ilikuwa miaka ya vita ya pili. Waasi walishika Butembo na Beni, na kila komanda alikuwa na uwanja wake wenye vitu alivyovipenda kwa watu. Miezi minne nyuma, karibu na uwanja wa ndege wa Rughenda, askari waliipenda pikipiki ya Sadrack. Waliichukua "kwa siku tatu".

Pikipiki ile ilikuwa uhai wake. Kazi yake ilikuwa kuwauzia wachuuzi barua za kupita kwenye barrière, vizuizi vya askari barabarani, na mihuri aliichonga mwenyewe kwa viazi vya Lubero. Kazi safi, ila ilikuwa na sharti moja: mteja anapofika kwenye barrière na kucharazwa, fundi awe ameshafika mbali. Bila pikipiki, fundi alikuwa akikutwa kila jioni pale pale alipoachwa asubuhi. Alikuwa ameshapigwa mara mbili na wateja, na mara moja na mama wa mteja. Mara ya nne, alijiambia, haitakuwa kipigo, itakuwa matanga.

Kwa hiyo, siku ya kwanza ya juma lile, Jumatatu, dereva Jumaine aliposhusha lori lake la samaki na kuleta habari, Sadrack alisikiliza kwa mwili mzima.

"Komanda wa Beni iko na farasi," Jumaine alisema. "Moja tu, baliitoa ku ferme, shamba ya zamani ya muzungu. Dimanche, siku ya Mungu, bageni bakubwa banakuya, anataka kubapokea juu ya farasi sawa mufalme. Mais mugongo yake yote ni kidonda! Banawekaka bashi, turubai ya lori, chini ya kiti, na bashi inakwangula. Muzee Ananie, mwenye kuichunga, anasema inaomba ngozi ya kondoo, ile ya sufu."

"Na mwenye kuileta?"

"Aingie mu parcelle, mu uwanja yake, achague kitu kimoja mu bile balichukua ku batu."

Sadrack akaiona pikipiki yake waziwazi, pamoja na maneno aliyoandikisha kwenye kipande cha nyuma: DIEU SEUL SAIT, Mungu peke yake ajua.

Alikwenda mbio kijijini Vuhovi kutafuta kondoo. Aibu iliyoje! Tangu utoto tunaimba kanisani juu ya sufu nyeupe, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua macho kutazama kondoo wetu wenyewe. Wana nywele fupi kama za mbuzi. Sadrack alimshika mmoja, akampapasa huku na huku, na kondoo akamtazama kwa huruma.

Sufu ya kweli aliijua moja tu, nayo ilikuwa nyuma ya ukuta wake. Madame wa misioni, alipokimbia vita ya kwanza, alimwachia Mama Kaswera, mjane aliyemfulia nguo miaka mingi, ngozi nyeupe ya kondoo wa kwao, laini, nene kama povu la sabuni. Mjane aliipigia magoti kila alfajiri. Sadrack alijua, kwa sababu mbao hazizuii maombi. Jina lake mwenyewe lilikuja kila siku baada ya wagonjwa na kabla ya wafungwa: "Na jirani yangu Sadrack, Bwana, umuzuiye." Pikipiki ilipochukuliwa, alikaa siku mbili akiuchukia ukuta ule.

Ndiyo sababu alikuja kujiita fournisseur, mleta vifaa wa farasi wa Beni, na ndiyo sababu aliulizwa lile swali.

"Siku moja tu, Mama," alibembeleza. "Naikopa, nairudisha. Munyama anateseka!"

"Ile ngozi ni ya magoti, hapana ya vita," Mama Kaswera alijibu. "Na munyama, nitamuombea."

Basi Sadrack akarudi kwake kuwaza. Alinunua ngozi ya mbuzi. Akapasua mto wake wa kulalia, akatoa pamba yote, akapika gundi ya unga wa mihogo, akabandika pamba kipande kwa kipande usiku na mchana, na pale penye mbuzi mkaidi akashona kwa uzi wa buluu. Alipomaliza, alirudi nyuma hatua tatu na kuona kondoo. Karibu alie. Hakuna aliyewahi kumsifu kwa kazi ya mikono.

Siku ya nne, akina mama walipokwenda kwenye maombi yao, alipita penye ubao uliolegea, akatandika kondoo wake mahali pa kondoo wa kweli, akarudi na ngozi ya Madame. Akaitia katika gunia, akaifunga kamba kwa fundo lake mwenyewe, akaisukuma chini ya kitanda.

Kesho yake alitoka kwenda kutafuta nafasi katika lori la Jumaine. Na hapo alifanya kosa ambalo ni mtu wa mtaa wetu tu awezaye kulifanya. Kwetu, anayetoka huacha ufunguo kwa Mama Kaswera. Nyumba saba zinaning'inia kwenye misumari ya ukuta wake, maana hatembei ovyo na hagusi cha mtu. Sadrack alifunga mlango, akapita kwa jirani kama kila siku, akampa yule aliyemwibia ufunguo wa nyumba yenye alichomwibia.

"Unarudia lini?" Mama Kaswera aliuliza.

"Sasa hivi, Mama. Bakia na amani."

Akarudi baada ya saa moja, akauchukua ufunguo na gunia, akaurudisha ufunguo, akapanda lori. Walipoteremka miteremko ya Kabasha alikuwa akiimba.

Uwanjani Beni, komanda alikuwa amevaa viatu virefu vilivyopakwa mafuta. Farasi alisimama pembeni, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyekaa siku tatu akingoja mgawo wa chakula. Mzee Ananie alimshika kwa kamba.

"Papa, yango wapi?" komanda akauliza. Iko wapi?

Sadrack akafungua gunia kwa madaha. Harufu ya mihogo ikamfikia puani. Akatazama. Pale pembeni palikuwa na uzi wa buluu.

Kazi aliyoisifu jana kwa machozi ilimtazama mbele ya bunduki kumi na mbili, na kwa mara ya kwanza aliona ni mbaya namna gani.

"Afande," alisema upesi, "mi naona farasi iko na homa. Tuiache ipumuzike mwezi moja."

"Leta!"

Akaitandika mwenyewe, pamba juu, akaipapasa. "Ni vile. Mukubwa akaliye bulaini."

Mzee Ananie akatoa kiko mdomoni. "Eh, fournisseur! Manyoya inaangaliaka mugongo ya farasi, hapana matako ya mukubwa. Sufu inakunywa jasho, kiti haikwangule. Weye ulishaonaka farasi wapi?"

Askari wakacheka. Sadrack naye akacheka, kwa sauti kuliko wote, akitafuta mlango kwa macho. Mlango ulikuwa na askari.

Mzee akageuza ngozi, akafunga kiti. Komanda akapanda. Farasi akazunguka uwanja mara moja kwa heshima kubwa. Mara ya pili akatoka jasho. Jasho likakutana na gundi, na gundi ya mihogo, kila mama anajua, ikipata maji na joto inakuwa uji, ndugu wa bukari, ugali wetu wa mihogo. Mara ya tatu kiti kikaanza safari yake peke yake kuelekea tumboni. Komanda akakifuata. Alifika chini amekaa, pamba imemganda kuanzia viatu mpaka masharubu, kama kuku aliyenyonyolewa nusu.

Farasi aligeuza shingo, akanusa ile ngozi, akaanza kuila.

"Tiens," alisema Mzee Ananie. "Anajua bukari."

Hawakumpiga risasi, na Sadrack husema ni kwa sababu ya ulimi wake. Kweli ni kwamba walikuwa wakicheka, na mtu anayecheka halengi vizuri. Komanda hakucheka. Aliamuru Sadrack apige magoti na mikono chini, awekewe ile bashi, kisha kiti, kisha gunia la mchanga, azunguke uwanja mpaka ajue ngozi ya kondoo ni ya kazi gani. Alijua kwenye mzunguko wa kwanza. Walimpa mingine minne ili asisahau.

Asubuhi yake alifukuzwa kwa miguu, shati mkononi. Kwenye mlima wa Kabasha lori la Jumaine lilimpita likielekea Beni. Mbele, karibu na dereva, alikaa Mama Kaswera, amejifunga kitambaa cha kanisa, na gunia magotini. Alimpungia mkono kwa adabu.

Alifika Butembo dimanche jioni. Mlango umefungwa. Ufunguo uko kwa Mama Kaswera. Mama Kaswera yuko Beni. Mjanja mkubwa wa mtaa akalala siku mbili kwenye kizingiti chake mwenyewe, kifudifudi kwa sababu ya mgongo, na wapita njia wakamsalimia kisogo.

Siku ya tatu lori likasimama. Juu ya magunia ya mchele ilifungwa pikipiki, na maneno yake nyuma. Jumaine aliishusha, akaiegemeza ndani ya ua wa Mama Kaswera, akaondoka akijiziba mdomo.

Sadrack akaingia nyuma ya mjane. Alimkuta akitandika ngozi mahali pake, ile ya kweli, yenye unywele wa farasi hapa na pale.

"Mama, uliniibia!"

"Mi sikuiba. Nilirudisha kila kitu ku mwenyewe." Alikuwa akitoa nywele moja moja. "Ile yako ilinishika mu magoti na bunga, Sadrack. Na sisimizi balikuya kusali na miye, kundi muzima. Nikafungua na ufunguo ulinipa, nikabadilisha, nikafunga kamba na fundo lako. Haiko nguvu, ile fundo."

"Na Beni ulienda kufanya nini?"

"Munyama anateseka, ulisema weye mwenyewe. Nilimukopesha komanda siku ya bageni. Dimanche ikaenda muzuri, farasi hakulia. Akaniambia nichague kitu. Nikaona moja yenye inanitosha kumoyo."

"Mais Mama, ile ni pikipiki yangu!"

"Komanda aliandika karatasi ku jina langu. Akatia na muhuri." Akamtazama. "Hapana ya kiazi."

Nje mtu alikuwa akiuliza kwa sauti kali Sadrack wa barua anakaa nyumba gani. Sadrack akaitazama pikipiki kupitia mlangoni. Akafungua mdomo. Kwa kweli alikuwa na hadithi nzuri tayari, yenye yatima ndani yake.

"Ngojea," Mama Kaswera alisema, akaenda ukutani, akatoa ufunguo wake kwenye msumari, akamwekea kiganjani, na juu yake kopo dogo la mafuta ya mgongo. "Donc, ni vile. Sasa ulishaona farasi?"

Sadrack akafunga mdomo, akafunga kiganja, akainama kupita mlango, akatoka.