Mamlaka Kamili kwa Kila Skrini

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku ya fahari! Meneja wetu, Bi. Nyangate, ametangaza kwamba kiwanda chetu cha chai kitafungiwa skrini tatu za mbali. Naeleza kwa manufaa ya vizazi vitakavyoisoma shajara hii. Mpaka leo, programu inayoendesha mashine zetu huonekana mahali pamoja tu, yaani kwenye kompyuta ya chumba cha juu. Mtu wa boila akitaka kujua joto la mvuke wake, hupanda ngazi. Mtu wa draya, ile mashine ya kukaushia majani, hupanda ngazi zizo hizo, akinung'unika. Sasa picha ya kompyuta ile itashuka kwa kebo hadi pale pale mtu anapofanyia kazi.

Atahitajika Msimamizi wa Skrini. Cheo kipya! Meza, kiti cha kuzunguka, mlango wenye jina. Mimi, Zablon Onyiego, karani wa stoo, niliyejifundisha kompyuta bila hisani ya chuo chochote, nilisimama papo hapo na kujitolea, kwa heshima na taadhima. Ochoki, mkubwa wa draya, naye akasimama. Bila heshima wala taadhima. Alikuwa anakula ndizi.

Uamuzi wa Bi. Nyangate: nitachagua na kufunga mimi, nikisaidiwa na fundi aitwaye Linda kutoka Kisii mjini. Ijumaa ya wiki ijayo wakurugenzi watakuja na skrini zitawekwa wakfu. Zikifanya kazi siku hiyo, cheo ni changu. Zikitutia aibu, ni cha Ochoki. Ochoki alicheka mpaka ndizi ikampalia.

Jumanne, 4 Machi

Fundi Linda amewasili. Binti mdogo, suruali yenye mifuko isiyohesabika. Aliniita "Mzee wa stoo". Nilimsahihisha: Msimamizi Mtarajiwa. Akaniita "Mzee Mtarajiwa". Sijui ni dharau au ni haraka.

Ushauri wake: tununue visanduku vidogo visivyo na feni wala diski. Kazi yote hufanywa na seva, ile kompyuta ya chumba cha juu. Kisanduku hupokea picha tu na kuitupa kwenye skrini. Kikifa kimoja, unakichomoa, unachomeka kingine, maisha yanaendelea. Akanionyesha kimoja. Kinatoshana na mche wa sabuni! Mashine yenye ngurumo inayosikika hadi barabarani itawaliwe na mche wa sabuni? Nilikataa kwa lugha teule.

Adhuhuri nikaenda mjini, dukani kwa Abdikarim auzaye vyombo vya umeme, nikaomba televisheni kubwa kuliko zote. Aliuliza ni ya sebule gani. Nikamjibu ni ya draya. Akataka kujua draya yangu inashabikia timu ipi. Kinsi, dadake, aliyekuwa kaunta, akasema nisisahau kuinunulia kochi. Akaongeza Abdikarim kwamba ile ni televisheni ya mpira, mzee, vumbi la majani litaizima kabla ya nusu ya kwanza kwisha. Niliondoka na hadhi yangu yote. Pia na kompyuta ya mitumba, pana, nzito, yenye feni mbili. Hiyo ndiyo sura ya mamlaka.

Alhamisi, 6 Machi

Jana niliifunga kompyuta yangu kando ya draya. Ilinguruma vizuri. Linda alisema sawa, tujaribu, ila mahali hapa kila chenye feni huvuta pumzi ya chai. Nikamwambia pumzi ya chai haijawahi kumdhuru mtu.

Leo asubuhi imezimika.

Ochoki alikuja na bisibisi, akaifungua mbele ya akina mama wote wa chumba cha kuchambulia. Ndani, chai tupu! Feni hazikuonekana. Alichota kidogo kwa vidole, akanusa, akatangaza kwamba ni gredi ya kwanza, na akaniuliza kama huwa nainywa na maziwa. Akina mama walicheka hadi mmoja akakaa chini sakafuni.

Saa nane nilimwandikia Bi. Nyangate kwamba, baada ya utafiti wa kina uliojumuisha jaribio la vitendo, mimi binafsi napendekeza visanduku vidogo visivyo na feni. Alijibu kwamba ndivyo Linda alivyosema Jumanne. Sikuona haja ya kulijadili hilo.

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya mazoezi ya hotuba shambani, katikati ya migomba. Mke wangu Nyamusi alitoka na beseni la mboga akasikiliza. Aliuliza: Baba Kemunto, hiyo migomba imekujibu nini? Nikamwambia kwamba katika maisha ya mtu huja saa moja ambapo taifa humtazama. Akasema taifa likimaliza kunitazama linisaidie kufunga ng'ombe, maana ameingia kwa mahindi ya jirani.

Ng'ombe amefungwa. Hotuba ni nzuri mno.

Jumatatu, 10 Machi

Skrini zote tatu zimefungwa! Ya kwanza draya, kwa Ochoki. Ya pili boila, kwa Mogaka, mzee mpole asiye na neno. Ya tatu ukumbi wa mapokezi, kwa ajili ya wageni na wakurugenzi. Zinaguswa kwa kidole. Unagusa mchoro wa feni, feni inazunguka. Niligusa, ikazunguka. Nikagusa tena, ikasimama. Linda alinitoa pale kwa upole.

Kisha tukatofautiana. Yeye ataka skrini ya draya iamuru draya tu, ya boila iamuru boila tu, na ile ya mapokezi itazame tu, isiamuru chochote. Kutazama tu! Nilimuuliza, je, utamkaribisha mgeni mezani kisha umfunge mikono? Mkurugenzi ni mtu mzima mwenye shahada na ng'ombe wa gredi. Kila skrini ipewe mamlaka kamili juu ya kila kitu. Linda alisema mzee wangu, hii kitu ikiguswa inasikia. Nikasema hilo ndilo kusudi lake. Akaniomba niyarudie maneno hayo mbele ya Bi. Nyangate. Niliyarudia, nikiongeza vivumishi.

Bi. Nyangate alisema uamuzi ni wangu na Ijumaa pia ni yangu.

Jumatano, 12 Machi

Akili yangu hunishangaza. Kilibaki kisanduku kimoja cha akiba. Nimekifunga stoo, nyuma ya marobota ya mifuko ya kupakia chai, pamoja na skrini kuukuu. Hakuna ajuaye. Kutoka kwenye kiti changu naona joto la draya ya Ochoki dakika baada ya dakika!

Leo wakati wa chakula joto lilishuka. Nikampigia simu. Nikasema kwa sauti nzito: Ochoki, joto lako. Nikakata. Baadaye lilipanda kupita kiasi. Nikapiga tena: Ochoki, sasa umezidisha. Jioni nimemwona akikagua dari na uvungu wa meza yake. Furaha niliyonayo haina jina.

Dosari moja ndogo. Programu hii ina kibali cha watazamaji watatu tu kwa wakati mmoja. Wa nne akibisha, anaambiwa nafasi zimejaa. Kwa hiyo Mogaka wa boila, alipozima skrini yake aipanguse, hakuweza kurudi, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeketi kwenye nafasi yake, kwa namna ya kusema. Amerudia kupanda ngazi. Alikuja kuuliza, omogaka, mzee wa watu, akiwa ameshika kofia. Nilimweleza kwamba skrini, kama mfanyakazi yeyote, ina haki ya kupumzika. Alisema mbuya mono, yaani vizuri sana, akaondoka ameridhika.

Nilizima yangu kidogo, yake ikarudi, nami nikasubiri hadi Ochoki alipozima ya kwake kwenda chakula, nikaingia. Aliporudi alikuta nafasi zimejaa, hadi nilipompisha. Hii ni kazi ya ulinganifu, inahitaji kipaji. Kisha nimetoa agizo la maandishi: skrini zisizimwe kamwe, kwa sababu za kitaalamu.

Ijumaa, 14 Machi

Nitajaribu kuandika kwa utulivu.

Asubuhi njema, jua, suti yangu ya kijivu. Wakurugenzi walifika wakiongozwa na mwenyekiti, Mzee Onsongo. Mchungaji Obwocha alifika na koti refu. Akina mama wa kuchambulia waliimba. Nilitoa hotuba. Migomba ilikuwa wasikilizaji watulivu zaidi, lakini makofi yalipigwa.

Kabla ya maombi, Ochoki alinivuta kando. Alikuwa ameizima skrini ya draya aipanguse kwa ajili ya wageni, na sasa inasema nafasi zimejaa. Nilijua sababu. Sababu ilikuwa inawaka stoo nyuma ya marobota, maana kisanduku changu hubisha chenyewe kila nafasi inapoachwa wazi. Nilimwagiza asimame mbele ya skrini kwa kujiamini ili wageni wasione.

Kisha Mchungaji akaikaribia skrini ya mapokezi. Sisi huku chombo kipya hakiwekwi wakfu kwa mbali. Trekta, cherehani, tangi la maji, vyote huwekewa mikono. Mchungaji alifumba macho, akainua kiganja, akakiweka katikati ya skrini kwa uzito wa imani. Katikati ya skrini palikuwa na mchoro wa draya. Programu ikauliza kwa maandishi mekundu: Simamisha draya? Una hakika?

Mchungaji akasema Amina, akakandamiza.

Ngurumo ikakoma. Kiwanda kizima kimya! Sijawahi kusikia ndege wakilia ndani ya kiwanda kile, leo niliwasikia. Mama mmoja akasema Bwana asifiwe, ametuliza hata mashine. Wote wakaitikia. Mchungaji, kwa kutiwa moyo na utulivu ule, akaanza sehemu ya pili ya maombi, ile ya wakulima mmoja mmoja kwa vijiji vyao.

Kutoka chini Ochoki akapaza sauti kwamba majani yanaivia ndani, wanaume, washeni! Draya yetu huanzishwa kutoka kwenye programu pekee. Skrini yake imefungiwa nje, na chumba cha juu kimefungwa kwa ajili ya sherehe. Mogaka alikuwa ukumbini pamoja nasi, ameinamisha kichwa, na boila ni mbali. Skrini ya mapokezi imefunikwa na mikono ya mtumishi wa Mungu, na hakuna mtu, narudia hakuna, awezaye kumkatiza mchungaji katikati ya maombi na kumwambia aondoe mkono. Linda alinitazama. Bi. Nyangate alinitazama. Mzee Onsongo alifumbua jicho moja, akanitazama nalo.

Nikakimbia. Kwa suti. Nikaingia stoo, nikaruka marobota, mawili yakaniangukia, nikafikia skrini yangu ya siri yenye mamlaka kamili, nikagusa ANZISHA. Ikauliza kama nina hakika. Sijawahi kuwa na hakika namna ile!

Ngurumo ikarudi. Kule ukumbini, nimesimuliwa, Mchungaji alikuwa amefika tu kwenye maneno "na uiamshe kazi ya mikono yetu". Vigelegele! Watu walikumbatiana. Mzee Onsongo alisema katika miaka yake yote ya chai hajaona mashine yenye utii kama ile. Chai iliyokaa ndani ilitoka na harufu ya moshi kidogo. Wageni waliinywa, wakaomba ya pili, wakauliza kama ni aina mpya.

Mimi sikuinywa. Nilikuwa chini ya robota. Nilipoinua kichwa, Bi. Nyangate na Linda walikuwa mlangoni, wakitazama skrini ya nne. Linda alikaa juu ya mzigo akacheka mpaka machozi. Ochoki naye akaja, akaona joto la draya yake liking'aa nyuma ya mifuko, akaelewa zile simu. Nilitarajia ngumi. Alisema ewe Onyiego, tangu Jumatano nimekuwa nikimwambia mke wangu kwamba nimerogwa! Akanishika mkono akanitoa chini ya robota, akicheka kuliko Linda.

Bi. Nyangate ndiye peke yake ambaye hakucheka. Aligeukia ukuta, mabega yakatikisika. Nadhani alikuwa akilia kwa shukrani, kwa kuwa nimeokoa chai.

Jumatatu, 17 Machi

Cheo amepewa Ochoki. Skrini ya mapokezi sasa inatazama tu. Kisanduku cha akiba kimerudishwa kabatini na ufunguo anao Linda. Naona wazi kilichokosekana katika mpango wangu: skrini ya tano.

Lakini fadhili za meneja hazina mwisho! Amenihamishia kituo cha kununulia majani huko Nyacheki, ambako kumeletwa mizani mipya ya kielektroniki, nami nikaisimamie. Alisema huko kuna hewa nzuri na kitufe kimoja tu. Nimeripoti leo leo.

Niliyoyaona yameniumiza. Skrini ya mizani inamtazama karani peke yake. Mkulima aliyechuma tangu alfajiri anaweka gunia lake, kisha anasimama kama mtu asiye na kauli! Sikungoja chai ya saa nne. Nilipanda juu ya benchi na kuwasomea wakulima pendekezo langu, lililoandikwa kwa Kiswahili kisichopunguzwa: kwamba kila mkulima afungiwe skrini yake, si ya kutazama tu, bali yenye mamlaka kamili ya kurekebisha uzito pale aonapo haujamridhisha.

Limepitishwa kwa kauli moja. Wamenibeba juu juu, wakanizungusha kituo mara mbili wakiimba jina langu. Hatimaye, watu wanaotambua hoja iliyopangwa vizuri! Nakala ya Bi. Nyangate imekwisha kuondoka na lori la majani.