Puto Hufuata Upepo

Jamani, mwenzenu leo nimeaibika ukweni, tena kwa fizikia yangu mwenyewe. Naandika mapema kabla mshenga wangu hajawasimulia, maana yule hana breki.

Mnanijua. Ni mimi niliyebishana humu kundini wiki nzima kuhusu zile video za matufe ya chuma yanayoonekana angani. Nikasema yote ni maputo. Mkaniuliza mbona mengine yanakwenda kinyume na upepo, nikawaita washamba (naomba radhi, mtaona kwa nini).

Sasa leo mchana tulipeleka barua ya posa kwa kina Faraja, kijijini Maposeni. Kwa kawaida mshenga angekwenda peke yake. Lakini mimi ni mtu wa kuja, kwetu Singida, na baba yake Faraja alishasema hatoi binti kwa mtu ambaye hajampima akili. Nikaitwa nipimwe.

Tukapokelewa uani. Shikamoo zikaisha, barua ikawekwa kwenye sahani, ikafunikwa kitambaa. Mshenga wangu, Mwalimu Haule, akakohoa ili aanze maneno. Hapo shangazi yake Faraja akanyoosha kidole juu ya shamba la jirani.

Tufe. La rangi ya fedha. Linang'aa, limesimama hewani juu ya shamba, kimya kabisa.

Bibi yake Faraja akatoa rozari. Wengine wote wakaganda. Mzee, baba yake Faraja, hakulitazama lile tufe sana, alinitazama mimi.

"Mwalimu, wewe unafundisha fizikia. Kile ni nini?"

Nikajua mtihani ndio huu. Neno puto nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Lakini nikaangalia moshi wa jikoni unakoelekea. Upepo ukalisukuma tufe upande huohuo, kisha tufe likarudi lenyewe. Likasukumwa tena, likarudi tena.

"Mzee," nikasema taratibu kama daktari, "puto hufuata upepo. Kile kinarudi. Kuna kinachokiongoza."

(Ningeishia hapo, leo ningelala kwa amani.)

Shangazi akaniuliza tufanyeje. Tangu nizaliwe hakuna ukoo uliowahi kuniuliza tufanyeje, kichwa kikavimba. Nikaamuru wote tuingie ndani, madirisha yafungwe, simu zizimwe kwa ajili ya mionzi. Nikazikusanya kwenye sufuria, nikafunika mfuniko. Kisha nikasema walale chini. Mzee wa watu, magoti mabovu, suti ya kanisani, akalala kifudifudi sakafuni kwa amri yangu. Bibi peke yake aligoma, akasema Mungu atamkuta kwenye kiti. Haule alishaingia chini ya meza na sahani ya barua, hata sikumwambia.

Faraja akaniuliza kwa kunong'ona kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba fizikia haidanganyi.

Tukasikia nyayo uani. Polepole. Zikafika mlangoni, zikasimama. Halafu kitu laini kikaanza kujigonga mlangoni, puf, puf, puf. Nikanyakua mchi wa kinu nikasimama mbele ya mzee. Sitanii, nilikuwa tayari kufa. Mlango ukafunguka, tufe likaingia la kwanza.

Nyuma yake akaingia Mama Ngonyani, jirani yao, ameshika uzi wa kuvulia samaki.

Alipotuona sakafuni akadhani tuko kwenye sala, akaomba msamaha kwa sauti ndogo. Akaeleza kwamba amepanda mahindi juzi na kunguru wanamfukulia mbegu. Akachukua puto la gesi lililobaki kwenye kipaimara cha mjukuu wake, akalifunga kwenye kigingi katikati ya shamba liwatishe. Ameona wageni wa mzee wanakimbilia ndani, akahisi linawakera, ndiyo maana amelishusha na kuja kuomba radhi. Puto likajigeuza pale mlangoni. Upande ambao hatukuuona ulikuwa umeandikwa HONGERA.

Uzi! Darasani nachora uzi kwenye kila swali, leo haukunijia kichwani hata kidogo.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniuma. Faraja akamwinua baba yake. Mzee akajipangusa vumbi magotini, akaiomba barua kwa Haule kule chini ya meza, akaisoma yote. Mimi bado nimesimama na mchi. Nilishaanza kumuaga Faraja moyoni.

Mzee akakunja barua.

"Ulisimama mbele yangu na mchi, hilo nimeliona," akasema. "Binti tutakupa. Ila wajukuu wangu, fizikia watafundishwa na mama yao. Yeye ni fundi cherehani, uzi anauona."

Kwa hiyo mke nimepata. Atakayecheka humu namweka kwenye kamati ya harusi.