Pointi Tuu-Tuu kwa Ajili ya Mwanajuma

Jumatatu, 1 Julai 1968

Mke wangu! Wiki ya tatu ya ndoa na bado neno hilo linanifanya nitabasamu peke yangu kama mwehu. Mwanajuma wangu. Asubuhi alinitilia chai ya maziwa na tangawizi, akasimama mlangoni hadi nilipokaribia kona. Niligeuka kumpungia mkono tena na tena. Nikagonga mwarobaini. Haidhuru. Kule stesheni karani mwenzangu aliniuliza uvimbe wa nini. Nikamwambia mapenzi.

Ila jana! Jana iliniharibia. Tulitembea hadi nyuma ya reli kuwaangalia watu wa Klabu ya Shabaha, wale wanaolenga makaratasi kwa bunduki ndogo. Mchezo wa raha tu, hafi hata kunguru. Wake zao hukaa kwenye benchi, wanakunywa chai na kushangilia. Na nani alikuwa anaongoza? Saidi! Saidi fundi cherehani, mjumbe wetu wa nyumba kumi hapa Mtendeni, ambaye mwaka jana alipeleka posa kwao Mwanajuma kabla yangu, ikarudi. Akapiga katikati kabisa ya karatasi. Mwanajuma akapiga makofi. Makofi! Kwa viganja vilevile ambavyo hina ya harusi yangu haijatoka vizuri!

Kisha Saidi akaja na bunduki yake begani, akamwambia Mwanajuma, shemeji, Jumapili ni Saba Saba, kuna kikombe. Kila mlengaji anakuja na wa kumshangilia. Mimi sina mke, na huyu mumeo hana bunduki. Njoo ukae upande wangu, tufanye ushirika. Eti ushirika! Benchi zima likacheka. Mwanajuma naye alicheka hadi akajifunika uso kwa khanga.

Nimeapa. Jumapili nitalenga kwa bunduki yangu mwenyewe, na makofi ya Mwanajuma yatakuwa yangu yote. Sijawahi kufyatua bunduki, ni kweli. Lakini utotoni, kwa manati, nilikuwa hatari. Nilipomwambia usiku alisema nitaweza, kwa sababu nina macho mazuri.

Macho mazuri! Alisema hivyo hasa.

Jumanne, 2 Julai

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda dukani kwa Rasiklal. Ana bunduki tatu za kufaa.

Ya kwanza ni mpya, ya Kicheki, pointi tuu-tuu, yaani ile ya risasi ndogo kabisa, inameza tano kwa pamoja. Inang'aa kama kiatu cha mkuu wa mkoa. Nilipouliza bei Rasiklal alinitazama viatu kwanza, ndipo akanitajia. Nikairudisha taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Ya pili ni pointi tuu-tuu kuukuu, risasi moja moja. Ilikuwa ya Mzungu wa misitu aliyerudi kwao. Kitako kilipasuka, kimefungwa kwa waya wa shaba. Rasiklal akaniambia Bwana Yahaya, usiangalie kitako, angalia ndani ya mtutu. Nikaangalia. Nikaona duara la mwanga. Nikasema safi sana, ingawa sijui nilichokuwa nakitafuta. Akasema risasi zake ni za bei nafuu kuliko zote, na mtu anayeanza anunue bunduki ya bei ndogo na risasi nyingi, kwa sababu shabaha haimo kwenye bunduki, imo kwenye mazoezi. Maneno ya mfanyabiashara. Sikuyatia maanani.

Ya tatu ni ya upepo. Ya watoto. Sikuigusa hata kidogo. (Niliigusa. Ilinibana kidole.)

Jioni nilimpeleka Mwanajuma achague. Ndoa ni mashauriano. Alitaka niishike kila moja begani huku nimegeuza uso upande wa dirisha. Mteja mmoja aliyekuja kununua mafuta ya taa akabaki kutazama. Mwishowe Mwanajuma akachagua ile ya Mzungu wa misitu, kwa sababu rangi ya mti wake inafanana na kabati letu la vyombo, na waya wa shaba unaipa haiba. Jicho la mke wangu! Rasiklal akasema hata yeye angechagua hiyo. Akaongeza kwamba haitoki dukani bila kibali cha polisi, hata kama mkuu wa mkoa mwenyewe angemlilia.

Fedha haikutosha. Nimemwachia koti langu la harusi rehani hadi mwisho wa mwezi. Mwanajuma hajui. Nimemwambia liko kwa dobi.

Jumatano, 3 Julai

Kibali cha polisi kinataka barua ya mjumbe wa nyumba kumi kuthibitisha kwamba mwombaji ni mtu wa tabia njema. Na mjumbe ni Saidi! Dunia hii ina dharau.

Nilimkuta kwenye cherehani. Nilijiandaa kwa vita. Hakukuwa na vita. Aliandika barua papo hapo, akapiga muhuri, akaniambia mimi ni mtu wa tabia njema mno, tena mno. Kisha akauliza kwa upole kwa nini lile koti alilonishonea yeye mwenyewe linaning'inia dukani kwa Rasiklal karibu na mafuta ya taa. Nikasema linapigwa hewa.

Nilipokuwa nainuka akaniita. Akasema Yahaya, nikupe siri. Mkubwa mpya wa vibali pale polisi ni Msukuma wa Shinyanga. Anapenda utani huyo, mmwagie tu.

Msukuma! Nilitaka kumkumbatia. Sisi Wanyamwezi na Wasukuma ni watani. Mtani humwombi kitu kwa adabu, utamtia mashaka. Unaingia bila shikamoo, unamsema yeye na ukoo wake, anacheka hadi machozi, anakupa unachotaka na nauli juu. Ndivyo tulivyolelewa.

Nimemhukumu Saidi vibaya. Ana moyo mzuri. Usiku nimeandaa utani wangu, nikamjaribia Mwanajuma. Alicheka pale pa ng'ombe.

Alhamisi, 4 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Niliingia ofisini kwa mkubwa huyo bila kubisha hodi. Shikamoo sikutoa. Nikavuta kiti chake cha wageni, nikakaa, nikanyoosha miguu. Nikamwambia ama kweli serikali imekwisha, hadi ninyi wachunga ng'ombe mmepewa meza! Babu zangu walibeba pembe hadi Bagamoyo kwa miguu, babu zako walibaki nyuma wakila michembe ya viazi na kuwaimbia ndama.

Akanitazama.

Nikaona utani unaingia taratibu. Nikaongeza. Akaniuliza bunduki ni ya kazi gani. Nikasema ni ya kuwapunguza ninyi, mmezidi, hata kwenye foleni ya sukari hatupumui.

Akachukua kalamu. Akasema ndugu, rudia hiyo sentensi ya mwisho, polepole. Nikacheka. Nikasema mtani, usinivunje mbavu. Akasema yeye si mtani wangu. Yeye ni Inspekta Mbwambo, Mpare, anatoka Same, na tangu azaliwe hajawahi kuimbia ndama.

Nilijaribu kutoa shikamoo. Ilikuwa imechelewa.

Nimekaa kwenye benchi la kaunta hadi alasiri, kati ya mwizi wa kuku na kuku wake, ambaye ni ushahidi. Kuku alinizoea. Mwanajuma alikuja mbio na chakula kwenye bakuli, akamwamkia Inspekta kwa goti, akamweleza yote: mtani, Saba Saba, benchi, makofi. Inspekta alisikiliza bila kupepesa. Kisha akamgeukia askari wa kaunta akakohoa kwa muda mrefu, kikohozi cha ajabu, mabega yakitikisika. Akaniachia. Ila akasema ombi langu litapita njia yake ya kawaida, na njia hiyo inafika Oktoba.

Oktoba! Saba Saba ni Jumapili hii!

Njiani Mwanajuma alinishika mkono mbele za watu. Uchungu na utamu kwa siku moja.

Ijumaa, 5 Julai

Habari imefika msikitini kabla yangu. Mzee mmoja alinikaribisha kwenye safu kwa kuniuliza kama kuna nafasi ya Wasukuma. Saidi hakuweza kusimama wima, alikuwa amejikunja kwa kicheko, akisema wallahi hakujua, alidhani tu, huyo mtu si mrefu na mweusi kama Msukuma? Wapo Wapare warefu, nikamjibu. Likawa ndilo jibu langu kali la siku nzima.

Rasiklal amenirudishia koti. Linanuka mafuta ya taa. Nimemwambia Mwanajuma dobi amebadilisha sabuni. Akalinusa, akanibusu shavuni. Ananiamini!

Mbinu mpya. Sheria ya klabu inaruhusu kuazima bunduki, mradi mwenyewe mwenye kibali asimame karibu yako ukiwa unalenga. Mwenye bunduki niliyezoeana naye ni mmoja tu. Saidi. Sasa, mtu kama huyo unamlainisha vipi? Kwa tumbo! Nimeamua kumpelekea sahani ya visheti alivyovipika Mwanajuma kwa mkono wake. Atakumbuka alichokosa, moyo utamlegea.

Jumamosi, 6 Julai

Mbinu imefanya kazi! Mimi ni mtu wa kutisha.

Mwanajuma alijitolea kuipeleka sahani mwenyewe. Nilibaki uani. Nilisikia sauti yake ikipanda kutoka kwa Saidi, akisema kwa kasi, bila pumzi. Bila shaka alikuwa anavisifu visheti. Nilisikia pia maneno "aibu", "mtu mzima" na "nitamweleza mama yako". Mafundisho ya mapishi, nadhani. Kisha sauti ya Saidi, ndogo sana, ikisema ndiyo shemeji.

Jioni Saidi akaja mwenyewe. Akasema kesho nitatumia bunduki yake, akishamaliza zamu yake. Hakunitazama usoni. Visheti vile vina nguvu!

Nimefanya mazoezi kwa mpini wa ufagio. Nililenga kopo, ndoo, na jogoo wa jirani. Yote nimeyapiga. Mwanajuma alikuwa akisema "pwaa" kila nilipofyatua. Usiku mtamu. Nyota zote za Tabora zilikuwa juu ya uwanja wetu mdogo.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba!

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Bendera, ngoma, hotuba, soda. Baada ya hotuba, kila mtu nyuma ya reli. Makaratasi yametundikwa kwa mstari. Kila mlengaji na karatasi yake, kila mmoja risasi tano. Namba tatu Saidi. Namba nne mimi. Na namba saba nani? Inspekta Mbwambo, kavaa kofia ya majani! Kumbe naye mwanachama. Nilimwamkia kwa shikamoo ya kusikika hadi stesheni.

Saidi akalenga. Tano safi, zote zimekusanyika katikati kama watu wanaogombea kivuli. Benchi likashangilia. Nikamwangalia Mwanajuma. Mikono yake ilikuwa mapajani. Haikutikisika! Alikuwa ananingoja mimi. Mpenzi wangu!

Nikapewa bunduki. Saidi nyuma yangu, sheria ndiyo hiyo. Akaninong'oneza kitako kikae ndani ya bega, vuta pumzi, fumba jicho moja. Nikafumba moja. La pili likamfuata mwenzake. Akasema fumbua moja, bwana! Nikafyatua. Sauti ile! Hakuna aliyesema "pwaa", bunduki yenyewe ilisema. Nikafyatua zote tano nikiona giza zuri lenye uso wa Mwanajuma.

Makaratasi yakaletwa. Langu lilikuwa safi, limenyooka, ungeweza kuliandikia barua. La Saidi lilikuwa na matundu sita.

Sita! Kwa risasi tano!

Ubishi mkubwa. Saidi akaruka juu akisema moja si lake, ni la huyu! Wakamwuliza lipi. Hapo akanaswa. Moja lilikuwa katikati ya katikati, zuri kuliko yote, na Saidi hakutaka kulikana hilo. Mengine nayo yalikuwa mazuri. Hakuna aliyeweza kusema lipi la nani, wala mimi, maana sikuwa naangalia. Sheria ya klabu ni fupi: karatasi yenye matundu mengi kuliko risasi haihesabiwi. Saidi akatolewa. Kikombe kikaenda kwa Inspekta Mbwambo. Saidi akakaa chini kwenye majani, akashika kichwa, akawaambia wote waliokuwepo kwamba huyu mtu ameazima bunduki yangu akanipiga nayo!

Ndipo Mwanajuma akasimama. Akapiga makofi hadi bangili zikamruka mkononi. Akaliambia benchi zima kwamba mume wake hakupoteza risasi kwa karatasi, alikwenda moja kwa moja kwa adui. Wake wote wakapiga vigelegele. Hata Inspekta alipiga makofi, kikombe kikiwa kwapani, huku akikohoa tena kile kikohozi chake.

Makofi yake yote! Yangu!

Jumatatu, 8 Julai

Nimetafakari usiku kucha. Hata mlengaji wa wastani hatupi risasi nne kwenye majani, kwa hiyo ni wazi kosa lilikuwa la bunduki. Pointi tuu-tuu ni ndogo mno kwa mtu wa nguvu zangu. Risasi inakuwa nyepesi, upepo wa reli unaibeba. Mwanajuma amekubali. Amesema hata yeye aliuhisi upepo.

Nimekwenda kwa Rasiklal. Nyuma ya pazia anayo moja kubwa, ya nyati, mtutu mnene kama mkono wa mtoto. Akaniomba nifikirie mara mbili. Nikafikiria mara mbili palepale dukani, nikamwachia saa ya ukutani tuliyopewa na shangazi. Itaningoja nyuma ya pazia hadi kibali cha Oktoba. Bei yake siitaji hapa, furaha haipimwi hivyo.

Mwanajuma ameshawaahidi mama zake wakubwa nyama ya nyati, kila mmoja paja. Paja moja litakwenda kwa Inspekta. Saidi tutampa mkia. Mimi sina wasiwasi hata kidogo. Karatasi ile ilikuwa na ukubwa wa sahani. Nyati ana ukubwa wa kitanda chetu, tena anakuja mwenyewe upande wako. Utamkosaje, hata ukifumba macho yote mawili?