Kamba Mbili za Jiko Letu

Jumatatu, 3 Juni 1996
Mwezi mzima wa ndoa! Mume wangu Twaha amerudi kutoka Mombo na jiko la umeme, amelipakata kama mtoto mchanga. Nimelia kwa furaha. Kikwazo ni kimoja. Huku kwao, bi harusi hula kwa mama mkwe mpaka mama mwenyewe aje aonje makande ya bi harusi, mahindi na maharage, na kuridhika. Kila mlo wifi Mwanaidi anakaa katikati yetu! Mama anakuja Ijumaa. Lazima aridhike. Lazima tule wawili tu!

Jumanne, 4 Juni
Makande yanataka kukaa motoni muda mrefu. Mimi nataka kukaa bondeni na Twaha tukipalilia kabichi. Basi nitaliwasha jiko nikiwa bondeni! Kwa shangazi kule Muheza nimeona televisheni ikitii rimoti, mtu yuko kitini. Jiko letu lina upungufu gani? Nimefunga kamba mbili za katani kwenye swichi, zikatoka dirishani hadi shambani. Ya kushoto inawasha, ya kulia inazima. Twaha alisema kumbe hakuoa mke, kaoa mhandisi. Palizi nikaisahau.

Jumatano, 5 Juni
Ukungu umelowesha katani, imekaza, jiko likajiwasha. Sufuria tupu limeungua. Mwanaidi akauliza ni mbuzi gani huyo nimemfunga jikoni. Nikamwambia kwa adabu ni jiko, wifi. Akacheka mpaka akakaa chini. Cheka tu! Kamba nimezipaka nta.

Alhamisi, 6 Juni
Imekubali! Nimevuta, chai ikachemka bila mtu jikoni. Twaha alisema hajawahi kunywa chai iliyompenda kiasi hiki. Ah, Twaha!

Ijumaa, 7 Juni
Jua, hatimaye! Asubuhi nimevuta kushoto, nikaenda kupalilia. Adhuhuri napanda, naona kanga za Mama zimeanikwa kwenye kamba ya kulia. Mbichi. Nzito. Msimu wa baridi huku milimani, kamba yoyote iliyopata jua ni ya kila mtu. Jiko lilikuwa limezimika zamani. Kuzianua siwezi, bi harusi hashiki nguo za mkwe. Kuifungua kamba? Zianguke kwenye tope, kanga za Mama! Nikavuta kushoto kwa nguvu zote. Kanga zikashinda.
Mama alitafuna punje moja. Kisha akasema kwa upole kwamba meno yake bado anayahitaji, mwanangu, tuendelee kula kwake mpaka baridi iishe. Mwanaidi akaniuliza changarawe hii nimeitia chumvi kiasi gani.

Jumamosi, 8 Juni
Tumekula kwa Mama, Mwanaidi katikati. Twaha alinitazama juu ya kichwa cha dada yake. Macho yale! Sikati tamaa ng'o. Kosa nimeliona: katani inaanikika nguo. Twaha ameshuka Mombo kununua seng'enge. Nani ataanika kanga kwenye miiba? Tena ni chuma kitupu, tutaichomeka ndani kabisa ya swichi isichomoke. Heshima ya kuvuta kwanza nimempa kipenzi changu. Nimemwomba tu asubiri mvua inyeshe, tuone kama inastahimili maji.