Namna ya Kulikamata Jicho la Nyakisasa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Aibu! Mtu asiyejulikana, anajiita Jicho la Nyakisasa, yaani la kata yetu, ameandika mtandaoni kwamba mimi, Fideli, hula nyama choma sokoni peke yangu, kisha nafika nyumbani nalia hali ngumu. Ni kweli, lakini kajuaje? Jumapili tunachagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Nikishindwa tena, kilabuni sikanyagi. Mke wangu Selestina kanipa pole, akaazima simu yangu amsalimie dada yake aliyeko kijiji cha Murukulazo.

Jumanne, 10 Juni
Jicho tena! Eti nikifua suruali navaa kitenge cha mke wangu mpaka ikauke. Vijana wanasema anatumia VPN, programu ya kumficha mtu asijulikane. Kumbe inaona hadi chumbani! Nimeziba dirisha kwa turubai la enzi za kambi za wakimbizi. Selestina analalamika giza. Hajui vita.

Alhamisi, 12 Juni
Nimekwenda kwa mtendaji wa kata, Frida. Nikadai VPN zote zikamatwe. Akasema amri ya kuzizuia ipo, ila VPN haina mlango wa kugonga. Nikasisitiza akague simu, aanze na yangu iwe mfano. Akaikuta humo! Akasema kata nzima, aliyepatikana ni mimi tu. Nikaapa kwamba Jicho limeipandikiza kwa mbali. Alicheka hadi akavua miwani, akaniachia kwa onyo.

Ijumaa, 13 Juni
Mtego! Nimemnong'oneza mpinzani wangu, Bonaventura, kwamba naogopa bata mzinga. Uongo mtupu! Asubuhi nilifanya mazoezi mbele ya Selestina ili nisicheke. Jioni Jicho limetangaza: Fideli na bata mzinga! Bonaventura, nimekushika!

Jumapili, 15 Juni
Mkutanoni nikasimama nikamtaja Bonaventura. Akatoa simu yake: kitochi, kimefungwa kwa mpira. Mtandao kitausikia wapi! Watu wakaanza kunililia kama bata mzinga, hata katekista.

Wamemchagua Selestina, ambaye hata hakugombea! Mzee Matiasi, aliyesimamia uchaguzi, kasema ni mama asiyepayuka. Imeniuma, nusura nilie.

Lakini njiani nikapata akili. Simu ikikaa kwa mtu mwaminifu, Jicho litapandikiza wapi? Nimemkabidhi Selestina yangu, moja kwa moja. Nikataka kumtajia namba ya siri. Akasema nisijisumbue, anaijua.

Mwanamke makini! Jicho sasa limekwisha.